Tundu la Pili

Usiku mmoja wa masika baba yangu alisimama nje ya mlango wa nyumba yetu, analowa, kwa muda ambao yeye anasema ni nusu saa na mama anasema ni zaidi. Alikuwa anagonga. Mimi nilikuwa ndani, hatua nne tu kutoka mlangoni, nimekaa kwenye kigoda, daftari mapajani na hedfoni masikioni, naandika sura ya sita ya riwaya ambayo siku hiyo niliamini ndiyo itakayonitoa. Mama alikuwa msibani Mbagala. Wapangaji wenzetu walikuwa wamejifungia vyumbani, mvua inapiga bati kama watu wanaomwaga mawe. Mzee hasikii vizuri, kwa hiyo hakuweza kujua kama anagonga kwa nguvu au anapapasa tu. Mimi nasikia vizuri, ila nilikuwa nimejiziba. Viziwi wawili, mmoja kwa kazi na mwingine kwa hiari, katikati yao ubao wa mlango.

Nilifungua kwa sababu nilitaka kwenda msalani. Nikamkuta pale, kofia inachuruzika. Nilitegemea anigombeze. Hakunigombeza. Alinitazama masikioni, akasema, "Kumbe na wewe." Kisha akaingia kubadili nguo.

Ndugu msomaji, matusi ningeyasahau. Maneno hayo matatu yamenikaa kooni mpaka leo. Sisi vijana wa mjini tumezoea kusemwa. Panda daladala yoyote asubuhi, utamkuta mzee akimwambia jirani yake, kwa sauti ya kutosha ili tusikie (na hatusikii), kwamba kizazi hiki kimeziba masikio. Konda anadai nauli mara tatu, mara ya nne anakugonga bega. Mara ngapi nimepitishwa kituo, nashtukia nipo mwisho wa gari narudi kwa miguu! Basi nikasema hebu nimtafute aliyeanzisha mchezo huu. Nilidhani nitamkuta mtu mmoja mwenye roho ngumu, asiyependa majirani. Nimehangaika maktaba, nimeteketeza vocha kwenye intaneti, na niliyoyakuta ni mengine kabisa.

Kwanza niitaje yangu. Niliinunua Kariakoo, mtumba, shilingi elfu kumi na tano baada ya kuanzia elfu thelathini na kuondoka mara mbili kwa hasira ya uongo. Ni ile aina kubwa inayofunika sikio zima kama bakuli. Kwenye makaratasi ya dukani wanaandika "vipokea sauti vya masikioni", jina refu kuliko waya wake. Mtaani tunasema hedfoni, yatosha. Ngozi yake bandia inabanduka, kwa hiyo nikiivua huwa nina masizi kwenye masikio kama mchoma mkaa. Utepe wa kichwani umevunjika upande wa kulia, nimeufunga tepu ya umeme. Waya umekatika karibu na pini mara mbili, na mara zote mbili fundi kauunga kwa lisasi huku akinishauri ninunue ya Bluetooth. Joto la Dar es Salaam la mwezi wa pili na bakuli mbili za ngozi masikioni, mwenyewe unaweza kupima. Jasho linatiririka shingoni. Lakini chumba kimoja, familia moja, ukuta mmoja na jirani mwenye spika mbili na mapenzi ya taarabu, bila kitu hicho mimi nisingeandika hata aya.

Haya, turudi nyuma. Mwaka 1881, kwenye Maonyesho ya Umeme mjini Paris, mhandisi Mfaransa Clément Ader alitandika waya kutoka jukwaa la jumba la opera hadi kwenye vyumba vya maonyesho. Watu wakapanga foleni. Kila mmoja alishika vipokeo viwili vya simu, kimoja kwa kila sikio, akasikia waimbaji waliokuwa mbali naye. Mwaka 1895 Waingereza wakaanzisha huduma ya namna hiyo London, ikiitwa Electrophone, ambayo iliendelea mpaka mwaka 1925. Ulilipia, ukaletewa nyumbani michezo ya kuigiza, muziki, hata ibada ya Jumapili kwa njia ya simu. Zipo picha za wakati wa Vita Kuu ya Kwanza za askari majeruhi wamekaa pamoja, kila mmoja na vipokeo vyake masikioni, wote wanasikiliza onyesho lilelile. Nimeitazama sana picha moja ya namna hiyo. Wamejiziba, ndiyo, lakini wamejiziba pamoja.

Wakati huohuo kwenye ofisi za simu, wasichana wa swichibodi walikuwa wakivaa kipokeo kichwani ili mikono ibaki huru kuchomeka pini. Ile pini ya kuchomeka tunayoijua leo ni mjukuu wa pini zao. Kwao haikuwa starehe hata kidogo, ilikuwa nira ya kazi.

Sasa nifike kwa mtu ninayempenda katika habari hii yote. Jina lake Nathaniel Baldwin, alizaliwa mwaka 1878 katika mji mdogo wa Fillmore, jimbo la Utah, Marekani. Alikuwa Mmormoni, msomi wa umeme, na mtu wa msimamo mgumu kwenye mambo ya dini, hasa ndoa ya wake wengi ambayo kanisa lake lilikwisha kuiacha. Inasimuliwa kwamba shida yake ilianzia kanisani. Salt Lake City kuna jumba kubwa sana la ibada, na Baldwin alikuwa hawasikii wahubiri. Hebu fikiri. Mtu amekaa katikati ya maelfu ya waumini wenzake na kinachomuuma ni kwamba neno halimfikii. Akaanza kutafuta namna ya kukuza sauti.

Mwaka 1910 alipeleka hedfoni yake kwa Jeshi la Majini la Marekani, pamoja na barua. Wanaohadithia husema barua ile iliandikwa kwa mkono kwenye karatasi za rangi ya waridi na buluu, na kwamba wakubwa jeshini hawakuitilia maanani mpaka walipojaribu kifaa chenyewe. Kilikuwa kinanasa sauti hafifu kuliko vyote walivyokuwa navyo. Ndani yake mlikuwa na sumaku, waya uliosokotwa, na kiwambo chembamba cha ulanga kilichotikisika kwa mkondo mdogo mno wa umeme. Mpokea ishara wa melini anayesikiliza meli nyingine kutoka ng'ambo ya dhoruba alihitaji hasa kitu hicho. Wakaagiza. Jibu la Baldwin ndilo lililonifanya nicheke peke yangu maktaba: alisema hawezi kutengeneza zaidi ya kumi kwa mpigo, kwa kuwa anazitengenezea jikoni kwake.

Jikoni! Jamani, sisi tunaoandikia kwenye vigoda na kuona aibu, tusikie hilo.

Walipolalamika kwamba inabana kichwa, akabuni utepe wa fito mbili za waya zilizofunikwa ngozi, na vipokeo vinavyoteleza juu na chini kufuata ukubwa wa kichwa. Alipohimizwa aulinde ubunifu huo kwa hataza, aliona ni jambo dogo, hakujisumbua. Leo hakuna hedfoni kubwa isiyokuwa mtoto wa utepe ule, na yangu yenye tepu ya umeme ikiwemo. Baadaye alijenga kiwanda na akapata fedha nyingi, akazitumia kwa ukarimu kwa ndugu zake wa imani, biashara ikafilisika mwaka 1924, na mwishowe akafungwa jela kwa kosa la udanganyifu kwa njia ya posta. Alikufa mwaka 1961. Riwaya nzima hiyo, na mwenye nguvu aiandike kabla yangu.

Kilichompa Baldwin utajiri ni redio. Miaka ya 1920 (Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilianza mwaka 1922) familia nyingi zilikuwa na redio za bei rahisi zilizotumia kipande cha jiwe la madini kunasa mawimbi. Hazikuhitaji betri wala umeme wa ukutani, nguvu yote ilitoka kwenye wimbi lenyewe. Kwa sababu hiyo sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mbu, wala isingeweza kusukuma spika. Lazima uvae hedfoni. Na hedfoni ni moja, watu nyumbani ni sita. Walifanyaje? Walivua hedfoni wakaiweka ndani ya bakuli kubwa la jikoni katikati ya meza. Bakuli likaikusanya sauti na kuirudisha juu, familia nzima ikainamisha vichwa kusikiliza. Nitalirudia bakuli hilo.

Miaka iliyofuata niipite haraka. Mwaka 1937 kampuni ya Eugen Beyer, Berlin, ilitoa DT 48, hedfoni ya kwanza kufanya kazi kama spika ndogo, yaani koili inayocheza ndani ya sumaku. Bado ilikuwa mali ya mafundi. Aliyeileta sebuleni ni John Koss wa Milwaukee, Marekani, mpenzi wa jazi. Alipooa alipewa fedha za arusi anunue kochi, yeye akanunua televisheni akazikodisha kwa wagonjwa hospitalini. (Mkewe alisema nini, vitabu vimenyamaza.) Mwaka 1958, pamoja na mhandisi Martin Lange, alipeleka kwenye maonyesho mashine ya santuri ya kubebeka, na kando yake akaweka hedfoni ya stirio ili mteja aonje sauti. Watu wakaacha mashine, wakagombea hedfoni. Hapo ndipo raia wa kawaida, asiye baharia wala msichana wa swichibodi, alipoivaa kwa raha yake.

Kisha likaja tundu la pili.

Tarehe 1 Julai 1979, Japani, Sony ilianza kuuza Walkman ya kwanza kwa yeni 33,000. Hedfoni zilizokuwepo zilikuwa na uzito wa gramu mia tatu, mia nne, hakuna wa kutembea nazo mjini, lakini maabara ya Sony ilikuwa imepata ya gramu zipatazo 50. Walitengeneza mashine 30,000 za kuanzia. Mwezi wa kwanza zilinunuliwa kama 3,000 tu. Wafanyakazi wakatumwa mitaa ya Ginza na Shinjuku kuwavalisha wapita njia, na kabla Agosti haijaisha hapakuwa na hata moja dukani. Haya wengi tunayajua. Ambalo sikulijua ni kwamba mashine ile ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ya hedfoni, pamoja na kitufe cha rangi ya chungwa. Ukikibonyeza, muziki unashuka na kipaza sauti kidogo kinawaka, ili wasikilizaji wawili wasemezane bila kuvua. Mkuu wa kampuni, Akio Morita, ndiye aliyeyataka hayo. Amesimulia mwenyewe kwamba alipokuwa akiijaribu nyumbani mkewe alinuna, akahisi amefungiwa nje. Morita akaona kusikiliza peke yako mbele ya mwenzio ni ukosefu wa adabu.

Kumbe aliyetuletea kiziwi cha hiari alikuwa na aibu nacho! Lakini wanunuzi hawakuwa na aibu. Kila mtu alitaka yake. Matoleo ya baadaye yakaondoa kitufe, na tundu la pili likafuata. Mwaka 1982 mji wa Woodbridge, New Jersey, Marekani, ulipitisha sheria ya kukataza watu kuvuka barabara wakiwa wamevaa hedfoni. Wazee wa daladala wana ndugu zao mbali.

Hapa kwetu redio iliingia kwa mlango mwingine. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na redio ilikuwa kitu cha baraza: mwenye nayo huiweka dirishani, majirani wanakuja na mikeka. Mjomba wangu, aliyekuwa kijana miaka ya 1990, alikuwa na Walkman ya mtumba. Ananisimulia walivyoanika betri juani zipate uhai wa nyimbo mbili zaidi, na walivyorudisha kanda kwa kalamu ya Bic kuokoa betri hizohizo. Kanda alirekodiwa dukani kwa oda, nyimbo anachagua yeye. Na hakusikiliza peke yake hata siku moja, asema, kwani kijiweni kila mshikaji alidai zamu ya wimbo mmoja, ukikataa wewe ni mbahili. Sisi shuleni tulikuwa na vile vidogo vya kuchomeka, sikio moja langu, sikio moja lako, mnatembea mmebanana mabega kama mapacha. Hedfoni kubwa hairuhusu hilo. Ni nzuri zaidi, inakata kelele, na haigawanyiki.

Na sasa hata tundu la kwanza linazibwa. Apple waliliondoa kwenye simu yao mwaka 2016, wengine wakafuata. Mimi nimeng'ang'ania simu yenye tundu kwa sababu ya umaskini, na kwa sababu moja ya kiufundi ambayo fundi wangu haitaji: redio ya ndani ya simu hutumia waya wa hedfoni kama eriali. Chomoa waya, redio inakufa.

Sasa baba. Alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye ukumbi wa kufuma wa kiwanda kimoja cha nguo. Mashine za kufuma kwa mamia chini ya paa moja hufikia desibeli 95, hata 100. Hawakupewa cha kuzibia masikio. Walizungumza kwa midomo na vidole, na nilishangaa kusoma kwamba wafumaji wa Lancashire, Uingereza, walikuwa na lugha yao ya midomo kwa sababu hiyohiyo. Mpaka leo baba ukimsemesha anatazama mdomo wako, si macho. Watu wasiomjua hudhani anawadharau. Ndani ya sikio mna vinywele vidogo vinavyopeleka sauti kwenye neva, navyo vikifa havioti tena. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Piga hesabu ya mashine za kufuma, kisha piga ya hedfoni iliyofunguliwa hadi mwisho. Shirika hilohilo linasema vijana zaidi ya bilioni moja duniani wamo hatarini kwa usikilizaji wao.

Mimi nimo katika bilioni hiyo. Niliporudi kitandani usiku ule wa mvua, nilisikia filimbi nyembamba sikio la kushoto. Ilikuwa ipo muda mrefu, nilikuwa nikiipuuza. "Kumbe na wewe." Mzee alimaanisha hasa hivyo, sidhani alitania.

Nimeshusha sauti tangu hapo. Hapo ndipo hedfoni kubwa inaposhinda vile vidogo, kwa sababu ikiziba kelele za nje huhitaji kushindana nazo, nusu inatosha hata kwenye daladala. Nikiandika usiku naacha sikio moja wazi, ingawa taarabu ya jirani inaingia na wahusika wangu wanaanza kusema mafumbo.

Jambo la mwisho lilitokea siku ya Simba na Yanga. Kifaa cha kusaidia usikivu tuliwahi kutajiwa bei yake hospitali, tukarudi nyumbani kimya. Mzee alikuwa ameacha redio miaka mingi, akisubiri matokeo asimuliwe. Nikachukua hedfoni yangu, nikamvalisha, nikachomeka simu, nikatafuta stesheni, nikapandisha sauti taratibu huku natazama uso wake. Ilipofika karibu na mwisho aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa kwa jina. Akasema kwa sauti kubwa mno, kama wasemavyo wasiojisikia, "Huyu mtangazaji anasema haraka hivi siku hizi?"

Nilijua sauti ile si nzuri kwa masikio yaliyobaki. Nikampa dakika tisini, basi.

Lakini mimi na mama je? Nilikuwa na kile kiwaya cha Kariakoo cha pini moja na matundu mawili, shilingi elfu mbili. Nikachomeka vile vidogo vya shuleni kwenye tundu la pili, nikavivaa, nikavivua haraka: sauti ya baba ilikuwa inachoma. Nikakumbuka. Nikaenda jikoni nikaleta bakuli la bati la kukandia unga, nikavitumbukiza ndani, nikaliweka mkekani.

Ikatoka. Ndogo, ya kibati, kama mpira unachezwa ndani ya kopo, lakini ikatoka. Mama ambaye ni Simba aliacha mchicha akainama upande mmoja, mimi upande mwingine, na mtoto wa mpangaji wa chumba cha mwisho akaja kuuliza tunatazama nini humo ndani. Baba ambaye ni Yanga alikuwa juu ya kiti chake, bakuli zake mbili masikioni, macho yamefumba. Mara akaruka, sekunde moja kabla sisi hatujaelewa, na mama akanishika mkono.

"Nani kafunga?"

"Shhh," nikasema, nikainama zaidi.